Mifupa, Vitabu na Miguu ya Bandia: Tunajifunza Nini kwa Richard Leakey?

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alitupa sisi wa Kidato cha Tatu kazi moja. Kila mtu aandike makala ya kufundisha kuhusu mtu aliyebadilisha fikira za umma kwa kalamu yake. Wengi walikimbilia waandishi wa riwaya na washairi. Mimi nikasema nitaandika juu ya mwanasayansi. Wenzangu wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Sayansi na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi?" Naomba mnisome mpaka mwisho, kisha mjibu nyinyi wenyewe.

Kabla sijafika mbali, wacha niseme ukweli kuhusu sababu iliyonifanya nimchague mtu huyu. Nina kaka yangu mkubwa. Miaka miwili iliyopita yeye alikuwa Kidato cha Tatu, mimi nikiwa Kidato cha Kwanza. Siku moja ya mvua alipanda bodaboda kutoka sokoni. Mnajua barabara zetu za huku zinavyokuwa mvua ya alasiri ikishanyesha juu ya udongo mwekundu. Pikipiki iliteleza na mguu wake wa kushoto ukasagika. Madaktari walijitahidi, lakini lisilo budi hutendwa: ulikatwa chini ya goti. Bonasi ya majani chai ya mwaka ule iliishia katika gharama za matibabu. Tangu siku hiyo kaka hajarudi darasani. Sasa mimi nimemfikia. Niko darasa lile lile aliloliachia, naye yuko nyumbani na mikongojo yake.

Jioni nilipomwambia kwamba nitaandika juu ya Richard Leakey, mwanasayansi aliyetembea kwa miguu ya bandia, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alisema, "Huyo alikuwa na jina. Alikatwa yote miwili akatibiwa Uingereza, akarudi kazini. Mimi nimekatwa mmoja na bado niko hapa jikoni. Andika hiyo pia."

Basi nimeiandika. Makala haya yote ni kujaribu kumjibu kaka yangu.

ALIKUWA NANI?

Richard Erskine Leakey alizaliwa Nairobi tarehe 19 Desemba 1944. Wazazi wake, Louis na Mary Leakey, walikuwa wachimbuaji mashuhuri wa mabaki ya kale. Sisi wa Kericho na Bomet tunalo jambo la kujivunia hapa. Mwaka 1961, huko Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho hii hii, Louis Leakey alipata mabaki ya kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Mwaka uliofuata alimpa jina la Kenyapithecus wickeri. Sote tulilikariri jina hilo katika Historia ya Kidato cha Kwanza, tukaliandika katika mtihani, tukalisahau. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kufikiri kwamba Fort Ternan si neno la kitabuni tu, bali ni mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa matatu na kurudi siku hiyo hiyo?

Richard hakutaka kufuata nyayo za wazazi wake. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, yaani umri wangu mimi, akajifanyia biashara zake na kujifunza kuendesha ndege. Hakupata shahada ya chuo kikuu kwa kusomea darasani. Tafadhali, ndugu zangu wa Kidato cha Tatu, msilichukue hili kuwa ruhusa ya kuacha shule! Yeye alilelewa katika mahema ya wachimbuaji. Nyumbani kwao kulikuwa shule tosha. Mimi na wewe tuliolelewa kati ya michai tunahitaji darasa.

Mwaka 1967 alipita kwa ndege kando ya Ziwa Turkana akaona mawe aliyodhani yanaweza kuwa na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mwaka uliofuata akaanza kazi mahali panapoitwa Koobi Fora. Mwaka huo huo wa 1968, kabla hajatimiza miaka 24, alianza kuongoza makavazi ya taifa jijini Nairobi. Kikosi chake kilipata mambo makubwa. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa huko Nariokotome, magharibi ya ziwa. Walipochimba wakapata karibu mifupa yote ya kijana mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Dunia nzima humwita Mvulana wa Turkana.

Hapa naomba tusimame kidogo. Watu wengi husema, "Leakey alipata." Lakini macho yaliyoona yalikuwa ya Ngeneo na Kimeu. Kamoya Kimeu alisoma shule ya msingi tu, na bado ni mmoja wa watafutaji visukuku hodari zaidi waliopata kutokea duniani. Alifariki Julai 2022, miezi michache baada ya Leakey mwenyewe, aliyefariki tarehe 2 Januari 2022.

KALAMU YAKE

Sasa tuje kwenye kalamu. Wanasayansi wengi huandikiana wao kwa wao. Makala zao zimejaa vipimo na majina ya Kilatini, na mtu wa kawaida akizifungua huzifunga papo hapo. Leakey aliandika hayo pia, lakini hakuishia hapo. Mwaka 1977, pamoja na mwandishi Roger Lewin, alitoa kitabu kiitwacho Origins kinachoeleza asili ya binadamu kwa msomaji wa kawaida. Mwaka huo huo picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la Time la Marekani. Mwaka 1981 akatoa The Making of Mankind, kitabu kilichoandamana na vipindi vya televisheni ya BBC. Mwaka 1983 akaandika maisha yake katika One Life. Mwaka 1995, yeye na Lewin tena, wakatoa The Sixth Extinction, wakionya kwamba sisi binadamu tunafuta viumbe wengine duniani kwa kasi ya kutisha.

Mwalimu wetu wa Historia alinikopesha nakala kuukuu ya The Making of Mankind. Jalada lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Nilidhani nitasinzia, lakini wapi! Nilijifunza mambo matatu ambayo mwanachama yeyote wa chama hiki anaweza kuyatumia katika insha.

Kwanza, anaanza na kitu kinachoonekana: jiwe, jino, ziwa lililokauka. Wazo kubwa huja baadaye. Sisi wengi huanza insha zetu na "Tangu jadi na jadudi", msomaji asijue tuko wapi.

Pili, anaeleza jinsi jambo lilivyojulikana, siyo jambo lenyewe pekee. Ukisoma unajua nani alipita wapi, aliona nini, na kwa nini anaamini hivyo. Msomaji huwa shahidi.

Tatu, sayansi hukubali kusahihishwa. Lile fuvu la 1470 mwanzoni lilidhaniwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2.5. Wengine walipinga, mawe yakapimwa upya, na ikaonekana ni karibu milioni 1.9. Kosa likasahihishwa na kazi ikaendelea. Ni sawa na kalamu nyekundu ya mwalimu. Haikuui, inakurudisha njiani.

Aidha, alielewa kwamba umma husoma kwa macho pia. Mwaka 1989 alipewa kuongoza idara ya wanyamapori, ambayo baadaye ikawa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 hivi za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi. Picha za moto ule zilizunguka dunia. Kabla mwaka haujaisha, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi. Moto ule ulisomwa hata na watu wasiojua kusoma.

Simsifu kama malaika. Wapo waliomwona mkali na mwenye kiburi, na alikosana na watu wengi. Lakini mwenye kusema na umma akaeleweka ana nguvu, na nguvu hiyo tutaiona ikifanya kazi nyingine.

MIGUU

Mwili wa Leakey ulimsumbua mapema. Figo zake ziliharibika, na mwaka 1979 ndugu yake Philip alimtolea figo moja. Bila ndugu huyo, Mvulana wa Turkana angechimbuliwa Leakey akiwa hayupo.

Kisha Juni 1993 ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha ilianguka. Aliponea chupuchupu, lakini miguu yote miwili ilikatwa chini ya magoti. Alivishwa miguu ya bandia, akajifunza kutembea upya, akarudi ofisini. Mwanzoni mwa mwaka 1994 alijiuzulu kazi ya wanyamapori kwa sababu ya mivutano ya kisiasa. Miguu haikuwa sababu. Mwaka 1995 yeye na wenzake wakaunda chama cha siasa wakakiita Safina. Agosti ya mwaka huo, huko Nakuru, alichapwa mijeledi hadharani pamoja na wenzake wa upinzani. Fikiria mtu mwenye miguu ya bandia akishambuliwa na kundi la watu. Wengi wetu tungekaa nyumbani baada ya hapo. Yeye aliendelea.

Mwaka 1998 aliingia Bungeni kama mbunge wa kuteuliwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1997 yalikuwa yamevipa vyama nafasi ya kuteua wabunge 12 kwa ajili ya makundi yenye maslahi maalum. Katika Bunge hilo hilo la nane aliketi pia Josephine Sinyo, mwanasheria asiyeona. Nadhani hapo ndipo Wakenya wengi walipozoea kuona jambo jipya: mtu mwenye ulemavu akisikilizwa katika jumba linalotunga sheria badala ya kukaa mlangoni akiomba. Mwaka 1999 Leakey akafanywa Mkuu wa Utumishi wa Umma, kazi aliyoishikilia mpaka 2001.

Huko ng'ambo yuko mwenzake ambaye pengine mnamjua zaidi, Stephen Hawking wa Uingereza. Ugonjwa wa neva ulimnyang'anya mwendo na hatimaye sauti, naye akaandika A Brief History of Time mwaka 1988, kitabu cha sayansi ya anga kilichonunuliwa na mamilioni ya watu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia zilipotoa ripoti kubwa kuhusu ulemavu, Hawking ndiye aliyeandika dibaji. Ripoti hiyo ilisema watu zaidi ya bilioni moja duniani wanaishi na ulemavu wa aina fulani, yaani karibu 15 kwa kila 100. Hesabuni darasa letu la wanafunzi 48, muone ni wangapi.

SHERIA ILIYOLALA KABATINI

Sisemi kwamba Leakey ndiye aliyeleta sheria za watu wenye ulemavu nchini. Zililetwa na wengi, hasa watu wenye ulemavu wenyewe na vyama vyao, waliopiga kelele kwa miaka mingi. Mwaka 2003 Kenya ilipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Iliunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ilisema pia kwamba shule haiwezi kumnyima mtu nafasi kwa sababu tu ana ulemavu, ikiwa ana uwezo wa kusoma masomo hayo. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza nguvu katika Kifungu cha 54, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pa ile ya 2003.

Sasa sikilizeni jambo lililonichoma moyo. Nilipokuwa nikisoma kwa ajili ya makala haya ndipo nilipojua kwamba mtu kama kaka yangu hupimwa na madaktari hospitalini, akaandikishwa na Baraza na kupewa kadi. Baada ya hapo anaweza kuomba kusaidiwa apate kifaa cha kutembelea au msaada wa masomo. Miaka miwili kaka alikaa jikoni, na nyumbani kwetu hakuna aliyejua. Baba hakujua. Mimi mwenye kujiita msomi sikujua. Kogo, bibi yetu, aliuliza kwa Kikipsigis kama hayo yameandikwa mahali. Nilipomwambia yameandikwa tangu kabla sijazaliwa, alinyamaza, kisha akasema, "Basi waliandika wakaweka kabatini."

Hapo ndipo nilipomwelewa Leakey. Ujuzi usioandikwa kwa lugha ya watu ni kama majani chai yaliyochumwa yakaachwa kwenye gunia. Hata yakiwa majani mawili na chipukizi safi kabisa, yasipofika kiwandani siku hiyo hayana faida. Yeye aliyatoa mabaki ya kale katika makabati ya wataalamu akayafikisha kwa umma, kwa Kiingereza. Nani atazifikisha haki hizi kwa kogo, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis? Nadhani chama chetu kimepata jibu la lile swali la "wapi na wapi".

SOMO DOGO LA LUGHA

Maadamu hili ni jarida la Kiswahili, tuingie katika ngeli kidogo. Tazama maneno haya: kiwete, kipofu, kiziwi, kibogoyo. Yote yana kiambishi ki-, kama kiti na kisu, ingawa upatanisho wake ni wa A-WA: tunasema "kipofu amefika", hatusemi "kipofu kimefika". Wengine hudai kwamba ki- hiyo ndiyo tusi. Nilimuuliza mwalimu, akanirudishia swali, "Na kiongozi je? Na kijana?" Kumbe kiongozi na kijana nao wana ki- na hakuna anayelalamika.

Basi tatizo si kiambishi. Tatizo ni kumwita mtu mzima kwa jina la kile alichopungukiwa. Ukisema "ana kilema" umetaja jambo moja lililo katika mwili wake. Ukisema "yeye ni kilema" umemfunika mtu wote kwa jambo hilo moja. Ndiyo maana siku hizi tunasema "mtu mwenye ulemavu", "mtu asiyeona". Neno mtu linatangulia. Wala hili si adabu tu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Yaani sarufi imeingia katika Katiba!

Tunayo pia methali isemayo, "Mcheka kilema hafi bila kumfika," na nyingine, "Hujafa hujaumbika." Ni methali nzuri, lakini zinatutisha: usicheke, yasije yakakupata. Heshima inayotokana na woga ni nusu ya heshima. Ningependa tumheshimu kaka yangu hata kama tungehakikishiwa kwamba sisi hatutaanguka kamwe.

MWANAMKE WA KOOBI FORA

Nimeahidi kumjibu kaka aliyesema kwamba Leakey alikuwa na jina. Ni kweli, na singeweza kulikanusha. Lakini nilikuta jambo katika kazi ya Leakey ambalo halihusu jina wala pesa.

Mwaka 1973, huko Koobi Fora, Kamoya Kimeu aliona mifupa ya mwanamke aliyeishi yapata miaka milioni 1.7 iliyopita. Namba yake ni 1808. Mifupa yake ilikuwa ya ajabu, kwani juu yake kulikuwa na tabaka nene la mfupa mbaya. Mwaka 1982 Leakey na wenzake wawili, mmoja akiwa Alan Walker, waliandika kwamba huenda mwanamke huyo aliugua kwa kuzidiwa na vitamini A mwilini, pengine kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Wengine wametoa sababu tofauti. Lakini tabaka kama lile halioti kwa siku moja. Linahitaji wiki nyingi au miezi.

Walker aliuliza swali ambalo mimi silisahau. Mtu aliyekuwa na maumivu kama yale, asiyeweza kutembea vizuri, aliishi vipi wiki zote hizo katika nchi yenye simba na fisi? Nani alimletea maji? Nani alikaa naye usiku? Jibu lake ni kwamba pengine kulikuwa na mtu. Hakukuwa na hospitali, hakukuwa na sheria wala bonasi, wala jina hatujui kama walikuwa nalo. Lakini huenda mtu fulani alibaki. Si jambo lililothibitishwa kama hesabu, ila mifupa inaliruhusu.

Nilimsomea kaka sehemu hii. Alinyamaza muda mrefu akikoroga ugali. Kisha akasema, "Huyo ndiye ungeanza naye."

HAPA KWETU

Sasa tuje nyumbani. Shule yetu, kama shule nyingi za huku, imejengwa kwenye mteremko. Ni shule ya kutwa, hakuna ada ya bweni, na kaka angeweza kuifikia kwa mikongojo akianza safari mapema. Likizo iliyopita mama alimpeleka hospitalini akapimwa, na sasa ameandikishwa. Mguu wa bandia bado tunaungoja.

Lakini nilipotembea hapa shuleni nikijifanya nina mguu mmoja, ndipo nilipoona mambo ambayo macho yangu yaliyazoea. Darasa la Kidato cha Tatu lina vidato viwili mlangoni. Kutoka bwalo hadi maabara kuna ngazi kumi na nne, na hakuna chuma cha kushika. Choo kiko chini kabisa, na mvua ikinyesha hata sisi wenye miguu miwili tunateleza.

Siwalaumu walimu wetu. Mimi nimepanda ngazi hizo karibu miaka mitatu bila kuzihesabu. Nilipozitaja katika mkutano wa chama, wavulana wanne wa darasa langu walijitolea, na kwa mbao zilizobaki za ujenzi na kokoto kidogo tulitengeneza njia ya mteremko pale mlangoni. Ilichukua Jumamosi moja. Kuhusu ngazi za maabara, chama kimemwandikia barua Bwana Mkuu wa shule, kwa heshima zote, na kwa Kiswahili sanifu kilichosahihishwa mara tatu. Amesema ataifikisha kwa halmashauri ya shule.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, nikiulizwa somo la makala haya ni lipi, nitajibu hivi. Leakey hakumpa kaka yangu mguu. Lakini alionyesha kwamba mambo magumu yanaweza kusemwa yakaeleweka, na kwamba mtu anaweza kupoteza miguu asipoteze nafasi yake mbele za watu. Kaka hana jina kama lake, lakini ana sheria, na sheria inahitaji msomaji na mtu wa kuitafsiri nyumbani. Kazi hiyo haihitaji pesa wala ndege. Inahitaji mwanafunzi mmoja, taa, na nia.

Nilipomaliza nilimsomea kaka nakala yote. Alinisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba "anaugua mguu". Akasema, "Siugui. Ulikatwa. Andika hivyo." Nimebadilisha.

Kisha akauliza, "Hizo ngazi za maabara, umesema ngapi?"

"Kumi na nne."

Akafikiri. "Waambie waanze na chuma cha kushika. Mengine nitajaribu."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Eleza tofauti kati ya "ana kilema" na "yeye ni kilema". Tunga sentensi mbili zako kuonyesha heshima katika kutaja mtu.
2. Taja visukuku vitatu vilivyotajwa katika makala, na nani aliyeviona kwanza. Kwa nini ni muhimu kutaja aliyeona?
3. "Heshima inayotokana na woga ni nusu ya heshima." Je, unakubali? Toa sababu.
4. Tembea kutoka langoni hadi darasani kwako ukihesabu vidato vyote. Andika barua ya aya tatu kwa Kiswahili kwa mtu anayeweza kubadilisha jambo moja.